Meno Juu ya Bati

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, mwaka 1984, Genoveva alichuchumaa nyuma ya jiko la nyumba yao pale Singe, akakata jogoo vipande kumi na vinne. Kisu kilikuwa butu. Tupa ya kunolea ilikuwa imelainika na nyingine haikuonekana dukani tangu mwaka juzi, kwa hiyo alikata kwenye viungo tu, pale mfupa unapokubali wenyewe. Firigisi aliipasua, akaimenya, akaiosha mara tatu na kuiweka peke yake kwenye kisosi. Hiyo ilikuwa ya Melkiadi, mume wake. Paja moja la Melkiadi, la pili la Damiani, mtoto wao wa kiume wa miaka minne. Kidari cha mgeni, akitokea, na asipotokea cha Melkiadi. Shingo, kichwa, miguu na ncha za mabawa vilikuwa vya wanawake, maana yake yeye mwenyewe na mama mkwe wake, Bibi Kandida. Ini alilishika kidogo mkononi, bado lina joto. Ini lilikuwa la Hilaria.

Hilaria alikuwa na miaka sita na meno yake yote yalikuwa bado kinywani, ingawa moja la chini lilikuwa limeanza kucheza.

"Mama, usilichome sana," Hilaria alisema. Alikuwa ameketi juu ya gogo, ananyonga lile jino kwa ulimi. "Lile la Krismasi lilikuwa kama soli."

"Umekula soli lini wewe?"

"Baba ndiye alisema."

"Baba yako alilionja?"

"Nilimpa kidogo. Akasema soli, akaomba tena."

Genoveva alicheka peke yake. Akabandika sufuria. Kulikuwa na chumvi, mafuta hayakuwapo. Harufu ilipopanda, meno yaliyokuwa juu ya bati yakaanza kutafuna, kama kawaida.

Yalikuwa meno matano. Yalikuwa ya wadogo na wakubwa zake Melkiadi, dada zake wote watano, waliokuwa wameolewa kila mmoja upande wake, mmoja mpaka Kondoa. Baba yao aliezeka nyumba hiyo mwaka 1958 baada ya kuuza madume matatu, na tangu hapo kila jino la kwanza la binti wa nyumba hiyo lilirushwa pale juu. Yalianza harufu ilipofika kwenye kenchi za paa na yaliacha bakuli la mwisho lilipooshwa. Mlio wake ulikuwa kama wa kuku wanaodonoa mtama kwenye sinia. Siku za mlenda yalinyamaza. Siku za mayai yalisikika kidogo. Siku ya nyama ilibidi watu waongeze sauti wakitaka kuelewana.

Mambo yenyewe yalikwenda hivi, na anayetaka kubisha na abishe. Mtoto wa kike kabla hajang'oka jino hula kama watoto wote. Anapenda yai, anapenda ini, anapenda utando wa maziwa na mafuta ya mkia wa kondoo. Jino la kwanza likianguka, mama mtu mzima wa upande wa baba hulichukua, husimama ameipa nyumba mgongo, husema, "Chukua hili la uji, lete la mahindi," na kulirusha juu ya bega. Kesho yake mtoto huyo anaamka hapendi. Yai linamnukia manyoya yaliyoloa. Ini linamnukia tope. Utando wa maziwa unamkwama kooni kama uzi. Anasukuma bakuli kwa adabu na kusema, "Mimi sipendi, mpe fulani," na fulani huyo ni kaka au mdogo wa kiume. Hapo watu husema amekuwa.

Jino la mvulana lilirushwa vilevile, bati lilelile, maneno yaleyale. Lilipofika juu lilitulia kama kokoto. Halikuwa na cha kutafuta huko. Kesho yake mvulana aliamka akiulizia firigisi, na akapewa.

Ndiyo maana katika mji wote, kuanzia Bagara mpaka Sigino, usingemkuta mtu aliyemnyima binti yake nyama. Walikuwa wanasema kweli tupu. Hakuna aliyenyimwa. Walikuwa hawapendi.

Jino la Genoveva lilikuwa Sigino, juu ya nyumba ya baba yake, mzee Herieli. Liling'oka mwaka 1961, wiki ileile ya Uhuru, na shangazi yake alilirusha akiwa na haraka kwa sababu watu walikuwa wanakwenda kuona bendera. Kabla ya hapo Genoveva alikuwa mtoto wa utando. Mama yake alichemsha maziwa asubuhi kwenye chungu kipana, akayaacha yapoe, kisha akaingiza kijiti pembeni na kuunyanyua utando mzima mzima, mnene, wa njano, umekunjamana kama kitambaa kilichofuliwa. Genoveva alikuwa anangoja amefumba macho. Aliutafuna polepole, akitua kati ya tafuno na tafuno ili usiishe.

Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa na aliyakumbuka yote hayo: kile kijiti, moshi wa kinyesi cha ng'ombe, ubaridi wa sakafu kwenye nyayo. Alikumbuka kwamba ulikuwa mtamu. Utamu wenyewe ndio hakuukumbuka. Aliujua kama mtu anavyomjua jirani aliyehama, jina unalo, sura unaitafuta. Mara mbili au tatu kwa mwaka alikwenda Sigino kuwasalimu wazazi, na kila mara alijitahidi afike asubuhi, wakati wa maziwa. Alisimama uani akijifanya anafunga khanga vizuri. Juu ya bati palikuwa na meno saba, lakini la kwake alilitambua. Lilikuwa linatua kati ya tafuno na tafuno.

Angeweza kuishi hivyo hivyo, kama walivyoishi wengine, kama si miguu ya Hilaria.

Mwezi wa kwanza mtoto alianza kuvimba vifundo vya miguu. Kucha zake zikawa nyeupe. Akikimbia mpaka kisimani alirudi anahema kama mzee. Genoveva alimpeleka kliniki, na nesi aitwaye Rosalia akamvuta kope la chini, akaangalia, akaliachia.

"Damu hakuna, Mama Damiani."

Genoveva aliitwa Mama Hilaria kwa miaka miwili, hadi Damiani alipozaliwa. Baada ya hapo jina lilihama lenyewe, hakuna aliyelihamisha.

"Tunafanyaje sasa, nesi?"

"Kuna vidonge vyekundu vya kuongeza damu." Rosalia alifungua kabati. Ndani kulikuwa na lebo ya vidonge vyekundu, imebandikwa vizuri kabisa kwenye rafu tupu. "Vikija nitakuita. Kwa sasa mpe yai kila siku. Ini likipatikana mpe. Maziwa asikose. Ana miaka mingapi?"

"Sita."

Rosalia alimfungua mtoto mdomo, akaligusa lile jino la chini kwa ncha ya kidole. Likacheza. Wale wanawake wawili wakatazamana. Jino la Rosalia mwenyewe lilikuwa Karatu.

"Mpe upesi," Rosalia alisema. "Kabla."

Basi Genoveva alimpa upesi. Kulikuwa na tetea mmoja aliyekuwa anataga, na yai lake lilikwenda kwa Hilaria, na Bibi Kandida hakusema kitu kwa sababu mtoto alikuwa bado na meno yote. Nyumba nzima ilikula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada uliopewa jina la timu ya mpira kwa rangi yake, na uliokuwa na ladha ya gunia. Redio ya Melkiadi, siku zilipopatikana betri, ilisema wananchi wafunge mikanda. Haikutaja mikanda ya nani, lakini huko nyumbani walielewana bila kuulizana.

Genoveva alikuwa ameshaamua. Jioni moja alimshika Hilaria mabega na kumwambia, "Likianguka, usimwambie bibi. Usimwambie mtu. Niletee mimi."

"Utalirusha wewe?"

"Nitalitunza."

"Kwa nini?"

"Ili uendelee kupenda ini."

Hilaria alifikiri. "Na wewe utapenda?"

"La kwangu liko mbali," Genoveva alisema.

Lilianguka Jumanne, kwenye foleni ya sabuni. Foleni enzi hizo ilikuwa ya mawe. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake linalojulikana, mtu analipanga alfajiri mbele ya duka la ushirika na kwenda kulima, akirudi anasimama kwenye jiwe lake. Jiwe la Genoveva lilikuwa na mstari mweupe. Alimwacha Hilaria alilinde, maana kulikuwa na watu wanaosogeza mawe ya wenzao.

Aliporudi saa nne alimkuta mtoto amekalia jiwe na damu kidevuni, anatabasamu, na jino kwenye kiganja. Alikuwa ametafuna mahindi makavu ya kukaanga.

"Hongera," alisema Mama Aikande, aliyekuwa jiwe la nyuma. Alikuwa mwanamke wa Upareni, mume wake karani serikalini. "Sasa amekuwa. Wa kwangu bado anavuta vuta."

"Shoga, usiseme kwa mtu," Genoveva alisema kwa sauti ya chini. Akalifunga jino kwenye pindo la khanga, mafundo mawili.

Mama Aikande aliliangalia fundo, akamwangalia mtoto na miguu yake. "Mimi sijaona," alisema. "La kwangu mimi liko Usangi. Kaka zangu waliojenga pale wananiandikia barua, eti dada, jino lako linatutesa siku za sikukuu, hatusikilizani. Nikawajibu, basi wapeni wake zenu nyama, mtasikilizana." Alicheka mpaka akashika kiuno. "Hawajajibu mpaka leo. Hebu angalia foleni hii. Mwaka huu hata mawe yatakonda kwa kusimama."

Sabuni haikuja siku hiyo. Walirudi nyumbani, mawe wakayaacha.

Wiki tano zilizofuata zilikuwa nzuri, na Genoveva alizikumbuka maisha yake yote kama mtu anavyokumbuka mvua iliyokuja kwa wakati. Alimfundisha Hilaria kutabasamu amefumba mdomo na kucheka nyuma ya kiganja. Bibi Kandida akaona, akafurahi.

"Mjukuu wangu ameanza kuwa na adabu," alimwambia Melkiadi. "Zamani alikuwa anacheka kama fisi."

Hilaria alikula yai kila siku tetea alipotaga. Jirani mmoja mwenye ng'ombe alichinja, Genoveva akamlimia vitunguu siku nzima akapewa kipande cha ini. Alilichoma kidogo tu, likabaki laini. Hilaria alikula huku anaongea, kama alivyokuwa siku zote: alitafuna mara tatu, akaacha ili aseme jambo, akatafuna tena. Alisema anataka kuona kiboko wa ziwani akiwa nchi kavu. Alisema Damiani ni mwizi wa chumvi. Alisema ini lina utamu wa ndani na utamu wa nje, na wa ndani unakuja baadaye. Genoveva alikaa karibu, akamsikiliza, akauliza tena na tena ukoje ule wa ndani, mpaka mtoto akachoka kueleza.

Kucha zilianza kuwa na rangi. Vifundo vikashuka. Mwezi wa nne ukiisha Hilaria alikimbia mpaka kisimani na kurudi na ndoo ndogo bila kukaa chini.

Ndipo akaja karani mmoja wa lishe.

Aliitwa Cornel, kijana wa Kilimanjaro mwenye suruali iliyobanwa na kibanio cha nguo upande wa mnyororo wa baiskeli. Ofisi yake ilikuwa imetumwa kuuliza watoto wadogo wanapenda kula nini, wa kike na wa kiume, kwa umri. Alikuwa amekwisha pita nyumba arobaini na mbili. Alipewa kigoda, akaweka fomu juu ya goti, akamsalimia Bibi Kandida.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Una mke?"

"Bado, bibi."

"Ndiyo maana umekonda. Uliza."

Cornel aliuliza. Damiani, miaka minne, anapenda nyama, yai, maziwa, miwa. Hapendi mlenda. Cornel akaandika. Jikoni kulikuwa na mayai mawili yanachemka, kwa sababu mgeni alikuwa amekuja, na juu ya bati meno yalikuwa yanatafuna kidogo kidogo. Cornel aliinua macho.

"Ni ya nani?"

"Ya wanangu," Bibi Kandida alisema. "Matano."

"Kwetu ni kumi na moja. Sisi ni ukoo mkubwa." Aliitazama fomu yake, akaigeuza nyuma na mbele. Haikuwa na nafasi ya paa. Akaendelea. "Na huyu binti?"

"Huyo bado mtoto," bibi akasema.

"Mdogo wangu, wewe unapenda kula nini?"

Hilaria alikuwa hajawahi kuulizwa jambo na mtu mwenye kalamu. Alisimama wima. "Napenda mayai," alisema, "na ini lisilochomwa sana, na utando wa maziwa," na kwenye neno la mwisho mdomo ulifunguka wote, pengo likaonekana mpaka nyuma.

Bibi Kandida alinyoosha mkono, akamshika mtoto kidevu, akaangalia pale pengo lilipokuwa. Jino jipya lilikuwa limeshachomoza kama punje ya mchele.

"Hili lina zaidi ya mwezi," alisema. "Liko wapi?"

Genoveva alikuwa mlangoni na sahani ya mayai. "Ninalo mimi, mama."

"Unalo."

"Mtoto hana damu. Nesi amesema ale."

"Ale. Nani amemkataza?" Bibi hakupandisha sauti. Hakuwa mwanamke mbaya, na hilo lisemwe pia, kwa sababu wabaya wangekuwa rahisi. Alikuwa amelea watoto wanane kwa jembe moja. "Sikiliza, mama Damiani. Mwaka wa njaa ya nzige nilikuwa mdogo kama huyu. Tulikuwa mabinti wanne na kaka wawili, na ng'ombe mmoja anakamuliwa. Mama yetu aliturushia meno wote wanne siku moja, mengine aliyang'oa kwa uzi. Tukaacha kupenda. Maziwa yakatosha. Nyumba ile ilikuwa ya nyasi, ilianguka zamani, mtu amelima mahindi pale. Ukipita mahindi yakiwa machanga yananuka maziwa." Akamwachia mtoto kidevu. "Tukibaki wote na hamu, nani atashiba?"

"Na kwa nini wawe wanne wa kike, mama?"

Bibi Kandida alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mto Kou unashuka badala ya kupanda.

Melkiadi, aliyekuwa amekaa na mgeni tangu mwanzo, alikohoa. "Mimi sijamnyima mtu chakula katika nyumba hii," alisema. "Mwulize Genoveva. Nikimkatia firigisi hataki. Dada zangu walikuwa hawataki. Niwashike kwa nguvu?"

"Hukuwahi kunikatia," Genoveva alisema.

"Ungekataa."

Na ni kweli, angekataa.

Cornel alikuwa ameshika kalamu hewani. "Samahani, mama. Nimeandika wa kike, miaka sita, ini na mayai. Lakini wa kike wote wa miaka sita na kuendelea niliowauliza wamesema mchicha na mlenda. Huyu mmoja ataniharibia jedwali. Bwana mkubwa ataniuliza nilikuwa nimelewa?"

"Si umemsikia mwenyewe?" Genoveva alisema.

"Nimemsikia." Akafikiri. "Nitaandika kwa penseli."

Alikula yai lake, akashukuru, akaondoka na baiskeli yake kuelekea Bagara. Yai la pili alikula Damiani.

Bibi Kandida hakudai jino. Alisema tu kwamba lipo, linajulikana lilipo, na kila jambo lina siku yake. Genoveva akaihamisha ile khanga kutoka kiunoni mpaka kwenye kamba ya ndani ya chumba, juu, nyuma ya koti la Melkiadi, na fundo akaliongeza la tatu. Alikuwa amejiandaa kupigana na mama mkwe, na mume, na mawifi watano mpaka Kondoa. Alikosea mtu wa kupigana naye.

Kosa lilikuwa hili: alimpakulia Hilaria kila siku, na mbele ya macho ya mtoto yeye mwenyewe akala mlenda.

Hilaria alikuwa mtoto wa kuangalia. Aliona kwamba Aikande, binti wa yule mama wa foleni, jino lake lilikuwa limerushwa wiki iliyopita, na sasa anaitwa dada, anapakua chakula cha wageni, anapewa ndoo kubwa. Yeye bado alikuwa anakaa na Damiani kwenye gogo kama vifaranga. Wasichana walipocheza jikojiko na matope, walimpa sehemu ya mtoto mdogo, alale na kulia. Na tetea aliacha kutaga mwezi wa tano, akataga tena yai moja moja kwa wiki, na siku ya yai Damiani alikuwa anaketi mbele yake, hasemi, anaangalia kijiko kikipanda na kushuka.

"Mama," Hilaria aliuliza siku moja wakiwa wanachambua mbaazi, "wewe njaa inakuuma?"

"Inauma kama ya kila mtu."

"Lakini yai hutaki."

"Sitaki."

"Unaona vibaya kutotaka?"

Genoveva alitafuta jibu la kweli. "Sioni kitu," alisema. "Ni kama kidole kilicholala."

"Basi haiumi," Hilaria alisema.

Genoveva hakujua kwamba mtoto alikuwa anauliza bei.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi jioni. Genoveva alikuwa bustanini nyuma, anachuma mgagani. Kule ndani Hilaria alipanda juu ya kreti la soda, akaivuta khanga, akafungua mafundo matatu kwa meno aliyobaki nayo. Akatoka uani. Bibi Kandida alikuwa amekaa juani anapepeta mbaazi, akamwona, akaweka ungo chini. Hakumwita wala hakumsaidia. Mtoto aliipa nyumba mgongo, akasema maneno yote bila kukosea, maana alikuwa ameyasikia kwa Aikande, akarusha juu ya bega.

Genoveva aliusikia mlio. Ulikuwa kama tone la kwanza la mvua, lile ambalo mtu hulisikia na kutazama juu, akakuta mbingu nyeupe.

Alipofika uani Hilaria alikuwa ameshachukua ungo na kumsaidia bibi.

"Nani amekutuma?" Genoveva aliuliza.

"Hakuna, mama. Nimejirushia." Alikuwa amenyoosha shingo. "Sasa nitapakua mimi?"

Genoveva aliazima ngazi kwa jirani. Melkiadi alimshikia. Juu ya bati kulikuwa na joto na kutu na majani makavu, na meno yote yalikuwa yamekusanyika kwenye mkunjo karibu na kenchi, pamoja na yale ya Melkiadi na ndugu zake wa kiume yaliyolala kama kokoto. Yote yalikuwa meupe, madogo, ya ukubwa mmoja. Hakukuwa na nyama jikoni siku hiyo wala yai, na yote yalikuwa kimya. Aliyagusa moja moja. Hakulijua la mwanawe. Akashuka.

Asubuhi tetea alikuwa ametaga. Genoveva alilichemsha yai, akalimenya, akaliweka mbele ya Hilaria likitoa mvuke. Mtoto aliinamisha pua, akaiondoa haraka. Akalisukuma bakuli kwa vidole viwili.

"Mpe Damiani," alisema. "Mimi sipendi."

Alikuwa na sauti ya Genoveva, ileile, hata ule mkato wa mwisho. Damiani alikula yai. Bibi Kandida alimpa Hilaria upawa.

Mambo yaliyobaki ni machache. Vidonge vyekundu havikuja mwaka huo. Vifundo vya Hilaria vilivimba tena mwezi wa saba, na Rosalia alipouliza anakula nini, Genoveva akamwambia, na Rosalia akaandika kwenye kadi *hapendi*, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mwaka uliofuata mtoto aliingia darasa la kwanza. Alikuwa anapumzika mara mbili njiani, kwenye mfereji na kwenye mti wa mjohoro, halafu anaendelea. Walimu walimsifu kwa utulivu.

Kazi ya Cornel ilichapwa kwa mashine na kubandikwa kwenye ukuta wa kliniki, karatasi moja ya kijani. Genoveva alijua kusoma, akaisoma akiwa kwenye benchi. Ilisema kwamba watoto wa kiume wa wilaya wanapendelea nyama na mayai, na wa kike kuanzia miaka sita wanapendelea mboga za majani, na ikashauri mboga za majani zilimwe kwa wingi. Kwenye jedwali, lililojazwa kwa mkono, palikuwa na sehemu moja iliyofutwa kwa kifutio, karatasi imekuwa nyembamba pale. Ungeibandua ukaiweka dirishani, mwanga ungepita.

Krismasi ya mwaka 1985 walichinja jogoo. Genoveva alimkata vipande kumi na vinne. Tupa ilikuwa bado haijapatikana. Firigisi aliiweka kwenye kisosi. Ini alilishika kidogo mkononi, akaliweka kwenye kisosi kilekile. Hilaria alikuwa jikoni anapanga mabakuli kwa mpangilio, la baba, la Damiani, la mgeni, kisha ya wanawake. Hakukosea hata moja.

Harufu ilipopanda meno yakaanza. Genoveva aliinua uso kutazama kenchi. Matano aliyazoea kama saa ya ukutani. La sita lilikuwa pembeni kidogo. Lilitafuna mara tatu, likaacha kama mtu anayetaka kusema jambo, likatafuna tena.

Nyama ilikuwa imeshaiva. Aliichoma kwa uma, ikakubali. Akarudisha mfuniko, akachukua kuni mbili, akaziongeza motoni.

Sufuria ilikaa pale muda mrefu. Uani Melkiadi alimaliza habari zote na mgeni wake, akarudia nyingine.

"Mama Damiani," aliita mwishowe, "vipi huko, kuni ni mbichi?"

"Mbichi," Genoveva alijibu. Alikuwa amekaa kwenye lile gogo, anasikiliza. "Subirini kidogo."